Usituasionisti katika muziki wa roki

Usituasionisti katika muziki wa roki ni athari ya fikra za Situationist International, jumuiya ya wasanii na wanamapinduzi wa Ulaya, katika utunzi na uwasilishaji wa nyimbo za roki, hasa panki. Jumuiya hiyo iliundwa Cosio di Arroscia, Italia, mwaka 1957 na kuvunjwa mwaka 1972. Mwananadharia wake mkuu, Mfaransa Guy Debord, alidai katika kitabu *La Société du spectacle* (1967) kuwa ubepari umegeuza maisha kuwa maonyesho ya kutazamwa tu.

Mbinu kuu ya jumuiya hiyo ilikuwa kuchukua picha, matangazo na maneno yaliyozoeleka na kuyageuza yapinge maana yake ya awali. Nchini Uingereza, msanii Jamie Reid aliitumia katika majalada ya Sex Pistols. Katika jalada la "God Save the Queen" (1977), jina la wimbo lilifunika macho ya Malkia Elizabeth II na jina la bendi likafunika mdomo wake. Gang of Four, bendi ya Leeds, iliiingiza mbinu hiyo katika mashairi ya albamu *Entertainment!* (1979), yanayohoji kisiasa lugha ya mapenzi, starehe na ununuzi. Athari hiyo ilifika hadi kwenye klabu za muziki: The Haçienda, iliyofunguliwa Manchester mwaka 1982, ilipata jina lake kutoka katika maandishi ya Ivan Chtcheglov, mwandishi aliyeathiri fikra za jumuiya hiyo.