Barafu ni ya Kiajemi, lakini ilipitia wapi?

NENO barafu lina asili ya Kiajemi. Hilo halina ubishi. Wanafunzi wangu hulisema haraka, kisha wanaongeza: lililetwa na Washirazi. Hapo ndipo mimi huwaambia, ngojeni kidogo.

Kwa Kiajemi, barf ni theluji, ile inayoanguka kutoka mawinguni. Barafu wao huiita yakh. Na hawa si watu wa kubahatisha kuhusu barafu, maana waliijengea nyumba. Katika miji ya jangwani kama Meybod na Kerman zingalipo yakhchal, yaani mashimo ya barafu: kuba refu la udongo juu ya shimo lenye kina. Kando yake palijengwa ukuta mrefu kutoka mashariki hadi magharibi, na upande wa kaskazini, kivulini, vikachimbwa vidimbwi vya maji. Usiku wa majira ya baridi, anga likiwa wazi na hewa kavu, maji hayo yalipoteza joto yakaganda. Alfajiri barafu ilivunjwa, ikashushwa shimoni na kufunikwa kwa nyasi kavu. Kuta zilikuwa nene, hata kufikia mita 2 chini, na lipu yake ilichanganywa udongo, chokaa, majivu, manyoya ya mbuzi na ute wa yai. Barafu ya Januari ikatumiwa Julai! Hata leo, Muirani anayenunua friji dukani huiita yakhchal.

Sasa, kama neno letu lilitoka kwa watu hao moja kwa moja, mbona hatusemi yakhi?

Kwa maoni yangu, jibu liko India. Kihindi na Kiurdu viliichukua barf ya Kiajemi vikaipa kazi zote mbili, theluji na barafu. Mwaka 1833 meli ya Tuscany ilifika Calcutta kutoka Boston na takriban tani 100 za barafu ya Frederic Tudor, iliyokatwa kwenye maziwa ya Massachusetts. Nyumba za kuihifadhi zikajengwa Calcutta, Bombay na Madras. Ile ya Madras, ya mwaka 1842, bado imesimama, ingawa siku hizi ni jumba la kumbukumbu ya Vivekananda. Karne hiyo hiyo wafanyabiashara kutoka India walikuwa wamejaa Zanzibar na Mombasa. Hao ndio ninaowashuku.

Theluji nayo tuliipata kwa Waarabu, ambao thalj yao pia hubeba maana zote mbili. Kuzitenganisha ni kazi yetu wenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi akiniandikia "asili: Kiajemi" bila kutaja njia, simpi alama zote.