Moto Miguuni pa Mfalme

Agosti 1997 gemu ya mtandaoni iitwayo Ultima Online ilikuwa bado kwenye majaribio. Origin Systems, kampuni ya Marekani, iliwafungulia watu wa kawaida mlango ili waichezee, waichokonoe na kuripoti hitilafu kabla haijaingia sokoni mwezi uliofuata. Muasisi wake, Richard Garriott, alikuwa na umbo lake humo ndani: Lord British, mfalme wa Britannia, asiyekufa.

Siku hiyo mfalme alikuwa ziarani kwa raia wake. Seva ilikuwa imeanguka muda mfupi kabla, na aliporudi alisahau kuiwasha tena kinga yake. Katika umati alikuwemo mchezaji aliyejiita Rainz, mwizi kwa stadi. Alikuwa na gombo la uchawi wa moto aliloliiba kwa mchezaji mwenzake. Akalitumia. Moto ukawaka miguuni pa mfalme, na mfalme akafa.

Kilichofuata huwa kinasimuliwa harakaharaka: upande wa watawala uliita mashetani, nayo yakaua watu waliokuja tu kumwona mfalme. Hilo hakuna aliyeliita udanganyifu.

Rainz alifungiwa akaunti. Kampuni ilieleza kwamba kosa lake si kumuua mfalme. Alikuwa ameshalalamikiwa kwa kutumia hitilafu kwa faida yake bila kuziripoti. Wachezaji wengi hawakushawishika. Mimi nadhani maelezo hayo yanaweza kuwa kweli kabisa, na bado yanatukwepa. Mtu anayezidisha dhahabu kwa kuichanganya seva anavunja hesabu ya dunia nzima. Huyo afungiwe, sina huruma naye. Lakini wizi ulikuwa stadi iliyowekwa na watengenezaji wenyewe, na moto uliunguza kama ulivyoandikiwa kuunguza. Kilichokwenda kombo ni usahaulifu wa mtu mmoja.

Utasema hawakukusudia mfalme afe. Sawa. Ila nia ya mtengenezaji haionekani kwenye skrini. Mchezaji huona tu kinachowezekana. Tukiifanya nia hiyo kuwa sheria, basi sheria hujulikana baada ya adhabu. Na hawa walikuwa wamealikwa kujaribu.

Garriott mwenyewe amekisimulia kisa hicho mara nyingi tangu hapo, na mashabiki wa gemu hiyo hukitaja kama tukio lake mashuhuri kuliko yote.