Herbert Simon na uamuzi 'unaotosha'
Herbert Simon (1916–2001), msomi wa Marekani, alipinga dhana kwamba meneja hupima njia zote na kuchagua iliyo bora kabisa. Mwaka 1935, akiwa mwanafunzi, alichunguza viwanja vya michezo vya Milwaukee, mji alikozaliwa. Bodi ya shule ilitaka fedha ziende kwa wasimamizi wa michezo. Idara ya ujenzi ikataka matunzo ya viwanja. Hakuna aliyepiga hesabu ya faida, kila upande ulitetea kazi yake. Kitabu chake cha mwaka 1947 kilieleza kuwa taarifa na uwezo wa akili vina mipaka. Mtu, aliongeza baadaye, husaka hadi apate kinachotosha. Mwaka 1978 alitunukiwa Nobeli ya Uchumi, ingawa shahada yake ya uzamivu ilikuwa ya sayansi ya siasa.