UKIANGUKA NGAZINI, LANDILODI ANALIPA?

Leo siasa tuiweke kando kidogo, nataka tuongee habari ya ngazi. Ndiyo, ngazi hizi hizi za ploti tunazopanda na kushuka kila siku bila kuziangalia.

Mie niliwahi kupanga chumba orofa ya tatu huku Kisauni, Mombasa. Ngazi ya kutoka orofa ya pili ilikuwa na kidato kilichomeguka ukingo, na balbu ya pale ilishaungua zamani. Msimamizi nilimwambia mara mbili, kwa mdomo. Jibu lilikuwa lile lile: "Nitamwambia mzee." Usiku mmoja napanda na ndoo ya maji, mguu ukakosa pa kukanyaga. Kifundo kikavunjika. Wiki sita kwenye plasta, na kibarua changu cha dukani akapewa mwingine.

Mwenye nyumba alikuja kunipa pole, mtu wa heshima zake, akanipa shilingi 8,000 na karatasi ya kutia sahihi. Nilikuwa na deni la hospitali na mfukoni sina kitu. Nikatia. Karatasi ilisema nimelipwa kikamilifu na sina madai mengine yoyote. Bili ya hospitali peke yake ilikuwa mara tatu ya hela ile! Baadaye nikamwonyesha wakili. Akasoma ile mistari minne, akanirudishia, akasema: "Ndugu yangu, ungekuja kwangu kabla ya hii."

Hapo ndio nikaanza kusoma sheria, nimeshachelewa. Nawaandikia nyie ambao bado hamjachelewa. Mie si wakili, na kila kesi ina mambo yake, kwa hivyo haya yakufungue macho tu, kisha kesi yako mpelekee anayejua. Kama uko saiba na dakika zinayoyoma, ruka moja kwa moja hadi namba 5 na 7.

1. JIBU FUPI

Kuanguka peke yake hakumfanyi mwenye nyumba alipe. Wengi hawalijui hili. Mahakama itauliza maswali manne: Mahali pale palikuwa chini ya nani? Alijua, au alipaswa kujua, kwamba pana hatari? Alichukua hatua gani? Na wewe unathibitishaje? Ukikosa jibu la swali la mwisho, hayo mengine hayatakusaidia sana.

2. SHERIA YA KENYA INASEMAJE

Ziko sheria mbili za kukumbuka.

Ya kwanza ni ile ya Sura ya 34, inayohusu wajibu wa mwenye kudhibiti jengo kwa watu wanaoingia humo kwa ruhusa. Imefuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1957. Inamtaka achukue uangalifu wa kadiri inayofaa ili mtu awe salama anapotumia jengo kwa shughuli iliyomleta. Sheria haidai jengo lisilo na hatari hata kidogo. Inadai uangalifu unaofaa kwa hali ilivyo. Na inasema wazi kwamba watoto wategemewe kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Tena kubandika onyo hakutoshi, mpaka onyo lenyewe liweze kumfanya mtu awe salama. Kibao cha "chunga ngazi mbovu" hakimsaidii mtu ambaye njia ya kwenda chumbani kwake ni hiyo moja tu.

Ya pili ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65. Hii inaingia ndani ya mkataba wako wa kupanga hata kama haikuandikwa humo. Ukipanga sehemu tu ya jengo, mwenye nyumba ana wajibu wa kutunza paa, kuta kubwa, mifereji mikuu, na sehemu za pamoja pamoja na njia zake. Pia nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu tangu siku unayoingia na muda wote wa upangaji.

3. NGAZINI NA CHUMBANI NI MAMBO MAWILI

Ngazi, varanda ya pamoja, ua, njia ya kwenda tangini, choo cha pamoja: hivi vyote kwa kawaida bado viko mikononi mwa mwenye nyumba. Hakukukodisha ngazi, amekuruhusu upite. Kwa hivyo wajibu wa kuviangalia ni wake, na mgeni wako aliyekuja kukutembelea analindwa vile vile.

Ndani ya chumba chako mambo hubadilika. Ufunguo unao wewe, na mambo madogo madogo ya humo unatarajiwa kuyatunza. Ukimwaga maji sakafuni ukateleza, hiyo ni yako, pole sana. Lakini sakafu ikibomoka, au dari, na mwenye nyumba ndiye mwenye wajibu wa kutengeneza, swali la kwanza litakuwa: aliambiwa lini? Yeye haoni ndani kwako. Usipomwambia, atasema hakujua, na mara nyingi mahakama itamsikiliza.

Halafu angalieni mikataba. Ipo inayosema "mwenye nyumba hahusiki na ajali yoyote." Usitie sahihi kabla hujauliza. Maneno kama hayo yanaweza kukuumiza wewe uliyekubali, ingawa hayamwondolei wajibu kwa mgeni wako ambaye hakutia sahihi popote.

4. KESI TATU ZA KUJIFUNZIA

Mahakama zetu huzisikiliza kesi za Uingereza ingawa haziwafungi majaji wetu. Hizi tatu nimezichagua kwa sababu walalamishi wote walishindwa, na kushindwa kwao kunafundisha.

Wheat dhidi ya Lacon, 1966. Mgeni alikuwa amelala kwenye baa yenye vyumba huko Great Yarmouth. Usiku akashuka ngazi za nyuma, akaanguka, akafa. Chuma cha kushikilia kiliishia kabla ya vidato vya mwisho, na balbu haikuwepo. Majaji walisema kampuni yenye jengo pamoja na meneja wake wote walikuwa na wajibu, maana jengo moja laweza kuwa na wadhibiti zaidi ya mmoja. Lakini balbu ilitolewa na mtu asiyejulikana, na haikuthibitishwa kwamba wao walizembea. Familia haikupata fidia. Ona: giza lilikuwepo, ila uzembe haukuthibitishwa.

Baraza la Jiji la Liverpool dhidi ya Irwin, 1976. Ghorofa ya orofa 15, lifti mbovu, taa za ngazini hazipo. Majaji walisema mwenye jengo lazima achukue uangalifu unaofaa kutunza ngazi na lifti, hata kama mkataba umenyamaza. Hata hivyo wapangaji walishindwa, kwa sababu uharibifu ulikuwa ukifanywa na watu kila mara na baraza lilikuwa limejitahidi kutengeneza.

Edwards dhidi ya Kumarasamy, 2016. Mpangaji alikuwa akipeleka taka, akajikwaa kwenye njia mbovu ya kwenda mapipani, akaumia. Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza ilisema mwenye kumkodisha halipi. Njia ile haikuwa katika sehemu ambazo sheria ya huko ilimlazimisha kuzitengeneza, na isitoshe hakuwa amepewa taarifa ya ubovu.

Umeona taarifa inavyorudi? Sasa nirejeshe kwangu: mie nilisema mara mbili, lakini msimamizi angekataa, nani angenishuhudia?

5. MUDA UNAKIMBIA

Dai la uzembe lina miaka 3 tangu siku ya kuumia. Ikipita, ni kazi ngumu sana kurudi. Ukiwa umepanga nyumba ya serikali au ya baraza, usihesabu miaka kabisa: muda ni miezi 12. Wengi wanaanguka mara ya pili hapa.

Kama dai lako halizidi shilingi milioni 1, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Ya kwanza ilifunguliwa Nairobi mwaka 2021, na Mombasa ipo. Inapokea madai ya fidia ya kuumia mwili, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60. Ukitaka ushauri na huna hela, Kituo cha Sheria kimekuwa kikisaidia wanyonge tangu 1973 na kina ofisi Mombasa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo ipo kwa ajili ya watu kama sisi.

6. NA WEWE ULIKUWA UNAFANYA NINI?

Tusijidanganye, utaulizwa. Ulikuwa umelewa? Unakimbia? Unatazama simu? Ulikijua kile kidato na bado ukapanda gizani bila tochi? Kujua hatari hakuui dai lako moja kwa moja, maana lazima ufike kwako. Lakini mahakama inaweza kugawa lawama. Ikisema wewe umechangia asilimia 30, basi kila shilingi 100 utapata 70. Mie na ndoo yangu gizani, nina hakika ningekatwa kitu.

7. UFANYE NINI

KABLA hujaanguka:
- Andika. Barua au ujumbe wa simu, wenye tarehe, kwa mwenye nyumba au ajenti. Msimamizi mpe nakala.
- Piga picha ya ubovu, na nyingine inayoonyesha jengo lote.
- Waambie majirani nao waandike. Barua ya wapangaji kumi si rahisi kuikana.

UKISHAANGUKA:
- Hospitali kwanza, hata kama unaona ni mteguko tu. Mwambie daktari ulivyoanguka na wapi, aandike. Omba karatasi zako zote, na eksirei pia.
- Picha siku hiyo hiyo. Kesho asubuhi fundi atakuwa ameshafika na saruji, mtashangaa kasi yake!
- Majina na namba za waliokuona au waliokubeba.
- Risiti ZOTE: dawa, teksi, magongo. Gharama ulizotoa lazima zitajwe na kuthibitishwa moja moja. Fidia ya maumivu hukadiriwa na mahakama, lakini hela ya dawa bila risiti ni hadithi.
- Ushahidi wa kipato ulichopoteza: taarifa za M-Pesa, barua ya mwajiri, daftari la mauzo.
- Usifute ujumbe, na simu yenye ujumbe huo usiiuze.
- Jua mwenye nyumba ni nani hasa. Anayechukua kodi si lazima awe ndiye mwenye jengo.
- USITIE SAHIHI karatasi ya "sina madai" kabla hujapona, hujajumlisha gharama, na hujamwonyesha mtu anayejua. Akitoa pole ya hela, pokea na shukuru, na andikianeni kwamba ni msaada wa matibabu tu. Pole ni pole, fidia ni fidia.

8. BARUA YENYEWE

Saiba yoyote watakuchapia hii dakika tano. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri au itiwe sahihi na aliyeipokea:

"Tarehe ______. Kwa mwenye nyumba, ploti namba ______. Mimi ni mpangaji wa chumba namba ______. Nakuarifu kwamba kidato cha ______ katika ngazi ya orofa ya ______ kimevunjika, na taa ya hapo haiwaki tangu ______. Ni hatari kwa wapangaji, watoto na wageni. Naomba vitengenezwe ndani ya siku 7. Picha nimeambatanisha. Wako, ______."

Si ugomvi, si matusi. Najua wengi wataogopa: "nitafukuzwa." Hofu hiyo naielewa, nami ndiyo iliyonifunga mdomo, kodi yangu ilikuwa imechelewa wiki mbili. Lakini barua ya adabu inamsaidia hata mwenye nyumba. Mfuko wa saruji na balbu moja ni rahisi kuliko kesi, na wapo wenye nyumba wazuri wasioambiwa kitu na wasimamizi wao.

Mguu wangu bado huuma mvua ikikaribia. Ile ploti naipitia kila nikienda sokoni. Kidato walikiziba wiki ile ile niliyoanguka. Balbu, mara ya mwisho kuchungulia, ilikuwa haiwaki tena, na juu kulikuwa na watoto wanacheza. Safari hii nilirudi na barua, nikampa mama mmoja anayekaa pale aitie jina lake na kuipeleka.

Haya wadau, aliyewahi kupitia haya atuambie hapo chini alivyofanya na alipata nini. Majina ya watu msiweke tafadhali. Mawakili mliopo, nikosoeni nilipokosea.