Daftari la Mwanamke Mwenye Biashara: Kutoka Madina hadi Forodhani



Kila msimu wa harusi ukikaribia, majumbani kwetu panakuwa na shughuli. Huyu anapaka hina, yule anaoka keki, mwengine anachanganya udi au anashona madera. Pesa zinaingia, pesa zinatoka. Ukiuliza faida ya mwezi ni kiasi gani, unajibiwa, "Alhamdulillah, haba na haba." Mwenzetu mmoja alipaka hina maharusi mwaka mzima, kisha akakuta hana hata mtaji wa kununulia hina nyengine. Hakuibiwa. Hakuwa akiandika tu.

Tunasahau kwamba kuandika hesabu ni jambo la zamani katika dini yetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia deni. Inaamrisha deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi awe muadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Hata neno letu "deni" asili yake ni Kiarabu, dayn.

Na wanawake hawakuwa pembeni. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara Makka kabla ya kuolewa na Mtume (s.a.w.), akipeleka bidhaa zake na misafara. Shifaa bint Abdullah alijua kuandika wakati wajuzi walikuwa wachache, na ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa (r.a.). Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimkabidhi baadhi ya mambo ya soko.

Tuje kwetu Unguja. Forodhani tunapokwenda kula urojo na mishikaki jioni, jina lake linatokana na forodha, mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba na Marekani, na ushuru ukawekwa asilimia 5. Kazi ya kuukusanya ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, maarufu zaidi wakiwa nyumba ya Jairam Shivji. Walimlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, na kilichozidi kilikuwa chao. Kwa biashara ya namna hiyo, bila daftari mtu asingejua kama amepata au amekula hasara.

Nasi leo ni hivyo hivyo. Kwa jedwali la kodi ya mapato lililowekwa 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hakutozwa. Aliye kati ya milioni 4 na 7 bila kumbukumbu alilipa 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwa hiyo aliyeuza milioni 5 na ana daftari alilipa 30,000, na jirani yake asiye nalo 100,000. Hizo 70,000 ni bei ya kutoandika! Viwango hubadilika, basi ulizeni TRA kabla ya kulipa, na ZRA kwa kodi zinazokusanywa na Zanzibar yenyewe.

Kuna na zaka. Fedha na bidhaa za kuuza zikifika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na mwaka ukapita, hutolewa asilimia 2.5. Kodi haiondoi zaka, wala zaka haiondoi kodi. Utajuaje umefika nisabu kama hujaandika?

Daftari la shule linatosha. Piga mistari: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, nani anadaiwa. Risiti zitie kwenye bahasha moja. Pesa ya biashara isikae pamoja na pesa ya sokoni anayoacha baba watoto.

Na wewe bi harusi mtarajiwa, mahari ni haki yako. Ukiamua kuyafanya mtaji, yaandike mstari wa kwanza, siku ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.