Kwa nini simbilisi hapewi penisilini

Msikilizaji wetu mmoja wa Kingstanding, hapa Birmingham, ametuletea swali. Simbilisi wa binti yake, yule ambaye Wakongo humwita kobaye, aliota jipu chini ya taya. Nyanya wa mtoto, aliyekulia Bukavu, akatoa amoksisilini iliyobaki kabatini: mpeni robo kidonge, si dawa ni dawa? Daktari wa mifugo akakataa kabisa, akasema ingeweza kumuua. Sasa mbona sisi inatuponya?

Jibu tunalipata Oxford, saa moja na kitu kwa treni kutoka New Street.

Jumamosi ya Mei 25, 1940, Howard Florey na wenzake waliwadunga panya 8 vijidudu vya streptokoki. Panya 4 wakapewa penisilini, 4 wakaachwa. Kufika asubuhi, walioachwa wote wamekufa, waliopewa wote wako hai. Februari 1941 ikaja zamu ya mtu: Albert Alexander, polisi mwenye majipu usoni, jicho moja lilishatolewa. Ndani ya siku chache akapata nafuu. Lakini dawa ilikuwa kidogo mno, hadi wakawa wanaichuja kutoka kwenye mkojo wake wamrudishie. Ikaisha. Machi 15 akafariki.

Sasa sikia hii. Mwaka 1943 watafiti wa Marekani waliwapa simbilisi penisilini, nao wakafa. Yaani Florey angeanza na simbilisi badala ya panya, pengine dawa ile ingetupwa kama sumu.

Shida iko tumboni. Simbilisi anakula majani, na bakteria wa utumbo wake ndio wanaomsaidia kuyasaga. Penisilini inawaua hao wema, wabaya wanazaliana na kutoa sumu. Amoksisilini ni ya ukoo huohuo.

Basi anatibiwaje? Usaha wake ni mzito kama jibini laini, hautoki kirahisi, na kukamua nyumbani kunaeneza ugonjwa. Daktari hulipasua jipu au hulitoa zima, kisha huandika dawa ya ukoo mwingine, kama enrofloksasini, pamoja na ya maumivu. Kazi yenu ni kuosha kidonda kama mlivyoelekezwa na kuhakikisha anakula. Akigoma, mlisheni unga wa nyasi uliokorogwa na maji, kwa bomba lisilo na sindano, kidogo kidogo, hata usiku, maana utumbo wake ukisimama ni hatari. Vitamini C pia: kama sisi, mwili wake hauwezi kuitengeneza.

Na msidhani nyanya hamjali mnyama. Kule Kivu, vita vilipopora ng'ombe na mbuzi, familia nyingi zilibaki na simbilisi, maana anafichika jikoni na anazaa haraka. Akiuzwa, mtoto anapata daftari. Nyanya alitaka kumwokoa kwa kile alichokuwa nacho.

Kwa hiyo mwelezeni kwa heshima, hata mumsimulie habari za Oxford. Halafu vile vidonge vilivyobaki vipelekeni famasi. Hata mtu asipewe bila daktari.