Manju na Nyumba ya Kumbukumbu: Hoja kutoka Simiyu

Barabara ya lami itokayo Bariadi hukutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma pale Lamadi, karibu na Ziwa Victoria. Ukikata kulia utafika Butiama. Ukikata kushoto utapita Magu hadi Kisesa, kwenye kilima cha Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma. Kwa mtu wa Simiyu anayetaka kuzuru nyumba ya kumbukumbu ya mtunzi, pande hizo mbili zinajibu kwa namna tofauti swali la mshairi ni nani.

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa Butiama mwaka 1999, humkumbuka kwanza kiongozi. Lakini aliyezikwa pale alikuwa pia mshairi, mtunzi wa tenzi za Biblia na mfasiri wa Shakespeare. Mgeni hutazama vitu alivyovitumia, kisha kaburi. Nyumba ya namna hii imejengwa juu ya imani kwamba utungo huzaliwa na mtu mmoja, chumbani, kwa kalamu. Kwa Shaaban Robert, aliyetuachia vitabu na kaburi lake Machui, Tanga, imani hiyo ingefaa.

Kwa manju wa Kisukuma, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, haifai hata kidogo. Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vinavyonasibishwa na Ngika na Gumha, waganga wawili wa karne ya 19, hushindana kwa kucheza wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Manju anajua kwamba ubeti dhaifu utawahamishia watazamaji wake kwa mpinzani, papo hapo. Ndiyo maana hutafuta hata dawa ya mvuto. Hadhira hii hutoa hukumu kwa miguu, na kwa hukumu hiyo inashiriki katika kutunga. Tukihifadhi kitanda na kiti cha manju, tutakuwa tumehifadhi mahali alipopumzikia.

Bujora ililiona jambo hili mapema. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanza kazi pale miaka ya 1950, aliipa ngoma nafasi ndani ya makumbusho na nje yake. Kila Juni, katika sherehe za Bulabo, yaani maua, mashindano hurudi kilimani. Naamini ni siku hizo, kuliko siku za ngoma zilizonyamaza ukutani, ambapo mgeni huwazuru washairi wenyewe.

Hata hivyo, uwanja una udhaifu mmoja mkubwa: hautunzi jina. Manju hujitaja ndani ya wimbo wake, na hiyo ndiyo sahihi yake. Wimbo ukishaitwa “wa asili” redioni au katika kitabu cha shule, sahihi inafutwa, na mtunzi mmoja mwenye akili yake anageuzwa kabila zima. Hapo ndipo nyumba inapohitajika.

Tanzania iliridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa msingi huo Bariadi ingeweza kuwa na uwanja wa mashindano na, kando yake, chumba cha sauti: kila wimbo na jina la mtunzi, kijiji, chama, mwaka, na maneno ya Kisukuma mbele ya tafsiri ya Kiswahili. Kazi ianzie kwa mamanju wazee wa Itilima, Maswa na Meatu, wangali na uwezo wa kusomewa maneno yao na kuyasahihisha wenyewe.